Nyasi nilizopima 2014 na moto uliokuja 2019

Januari 2014 nilipata kibarua cha kukata nyasi. Si kufyeka, ni kukata kwa vipimo. Tulikuwa watu wanne na fremu ya chuma ya mita moja kwa mita moja, unaitupa porini, pale inapoangukia unakata kila kilichomo ndani mpaka udongo unaonekana, unatia kwenye mfuko wa khaki, unaandika namba, unapima kwa mizani ndogo ya kuning'iniza, alafu mifuko inapelekwa mjini kukaushwa kwenye oveni na kupimwa tena. Kutwa nzima hivo, jua la Kiryandongo, hapa Uganda, la mwezi wa kwanza, mikono imechanwa na nyasi. Mtafiti aliyetuajiri alikuwa mtu mzuri, alitulipa kwa wakati, alikula posho (ugali) na maharagwe na sisi, na nilipomuuliza hizi namba ni za nini akaniambia ni za kujua moto unapata chakula kiasi gani. Nikaitikia. Sikuelewa. Baada ya wiki tatu akafunga mifuko yake akaenda, na mpaka leo sijaona hata karatasi moja ya zile namba.

Sisemi hivi kumlaumu, nitarudi huko chini. Nasema manake miaka mitano baadaye, Januari 2019, moto ulikuja saa nane mchana ukala paini za mama yangu mkubwa zilizokuwa na miaka saba, na nilikuwepo, na nilichokuwa nahitaji kujua siku ile kilikuwa ndani ya ile mifuko ya khaki.

Kwa wasiojua, kwetu ni Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, iko kwenye barabara ya kutoka Kampala kwenda Gulu, kabla hujafika Karuma. Hapa kuna Wacholi, Walango, Walur, Wanyoro, watu waliotoka Kenya, na wakimbizi wengi wa Sudan Kusini, kila mtu na lugha yake, ndo maana sokoni tunakutana kwenye Kiswahili na ndo maana naandika hivi. Pori letu si msitu mzito kama Budongo. Ni miti imesimama mbali mbali, katikati nyasi, na zile nyasi mvua ikiwa nzuri zinampita mtu mrefu. Mvua inaisha kama Novemba, Desemba zinakauka, Januari upepo mkavu unashuka kutoka kaskazini, na hapo kinachobaki ni mtu mmoja tu na kiberiti. Wawindaji wa ndezi, mchoma mkaa, mchungaji anayetaka majani mabichi yachipue, mtoto. Kila mwaka kunawaka. Watu wamezoea kusema ni kawaida.

Siku ile ya 2019 tulikuwa na fayalaini. Hii inaniuma kuliko yote, hatukuwa wazembe. Mama mkubwa alilipa vijana wakafyeka njia ya moto ya mita kama tano kuzunguka eka zake zote, mwezi wa kumi. Lakini mwezi wa kumi bado kuna mvua, nyasi zilichipua tena, na zile zilizofyekwa ziliachwa zimelala hapohapo chini, kwahiyo ilipofika Januari ile fayalaini ilikuwa godoro la majani makavu. Moto haukuruka hata, ulitembea juu yake. Tulikuwa watu kama ishirini na matawi mabichi, tunapiga, na pembeni ambako moto ulikuwa unaenda kinyume na upepo tuliuzima vizuri kabisa, lakini huku mbele miali ilikuwa inapita vichwa vyetu, joto linakusukuma ukiwa mita kumi, kijana mmoja nyusi zilikwisha. Tukakimbia. Ulipoingia kwenye paini ulikuta sindano zimelala chini miaka saba, matawi ya chini hayajapogolewa, ukapanda matawi kama ngazi mpaka juu. Dakika arobaini. Mama mkubwa alikaa chini barabarani akavua kitambaa cha kichwa na hakusema kitu mpaka jioni, na zile paini zilikuwa ndo ada ya wajukuu wake.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuuliza. Kulikuwa na kijana anasoma chuo cha misitu Nyabyeya, kule Masindi, alikuja kwetu kwa mazoezi, nikamng'ang'ania. Nikamwambia nieleze kwa nini pembeni tuliweza na mbele tulishindwa. Akachora chini kwa kijiti. Akasema kuna mtu anaitwa Byram, Mmarekani, mwaka 1959 aliandika hesabu moja fupi sana: nguvu ya moto ni joto la chakula chake, mara uzito wa chakula kilichoungua kwenye kila mita mraba, mara kasi ya moto kutembea. Vitu vitatu tu. Joto la nyasi kavu halibadiliki sana, chukua kilojuli 18,000 kwa kilo. Sasa, akasema, nyasi zenu kwa mita moja mraba zina uzito gani? Nikanyamaza kidogo. Nikamwambia mimi nimezipima hizo nyasi.

Tufanye hesabu pamoja, usiogope, ni ya kuzidisha tu. Tuseme mita moja mraba ina gramu 400 za nyasi kavu, na Januari mchana upepo unausukuma moto nusu mita kila sekunde. 0.4 mara 18,000 mara 0.5, unapata kilowati 3,600 kwa kila mita ya mstari wa moto. Sasa chukua pori hilohilo mwanzoni mwa kiangazi, nyasi nusu bado ni mbichi kwahiyo zinaungua gramu 200 tu, na moto unatambaa sentimita kumi kwa sekunde. 0.2 mara 18,000 mara 0.1, ni 360. Pori ni lile lile, kiberiti ni kile kile, na moto wa Januari una nguvu mara kumi.

Namba ukiziacha hivo hazikusaidii chochote. Zinasaidia ukiunganisha na kitu kingine ambacho wazima moto wa Marekani wanacho kwenye jedwali lao: mpaka kama kilowati 350 kwa mita, miali ikiwa chini ya mita 1.2 hivi, mtu mwenye zana za mkono anaweza kusimama mbele ya moto akauzima. Ikizidi hapo mkono hautoshi, inatakiwa mitambo. Na ikifika kama 3,500, miali zaidi ya mita tatu, kuukabili moto usoni ni kazi bure kwa yeyote na kwa chochote. Rudi kwenye hesabu yetu. Ule wa mapema uko karibu kabisa na mpaka wa mkono, ule wa Januari uko kule ambako hakuna anayeweza. Kwahiyo tulipokuwa tunapiga matawi mbele ya ule moto tulikuwa tunahatarisha maisha ya watoto wa watu bure, na hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba kipimo ni kitu rahisi hivi: mwali ukipita kifua chako, toka mbele, nenda pembeni au nyuma. Mtoto wa shule anaweza kukikumbuka hicho. Kingeandikwa kwenye karatasi moja mwaka 2014 kikabandikwa kwa chairman wa LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, kijana yule angebaki na nyusi zake.

Hapo ndo nikaanza kusoma, kwa simu, usiku, bando likiisha nasubiri kesho. Nikagundua kwamba Wamarekani wenyewe walilipa bei kubwa sana kufika hapo. Misitu yao mikavu ya magharibi, ya paini inaitwa ponderosa, gome lake ni nene, zamani ilikuwa inaungua kila baada ya miaka michache mpaka ishirini hivi, moto mdogo wa chini, mwingine wa radi na mwingine uliwashwa na wenyeji kwa makusudi. Moto ule ulikuwa unafagia sindano na vimiti vidogo, miti mikubwa inabaki. Alafu 1910 kule Idaho na Montana, siku mbili za Agosti, iliungua zaidi ya hekta milioni moja na watu zaidi ya 80 wakafa, nchi ikaogopa, serikali ikaamua moto ni adui. Mwaka 1935 wakaweka amri kwamba kila moto uwe umedhibitiwa kufikia saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Wakafanikiwa miaka mingi. Na mafanikio hayo ndo yaliyowaponza, manake chakula cha moto kiliendelea kujikusanya chini, vimiti vidogo vikajaa katikati ya miti mikubwa, na msitu uliokuwa unaungua kwa chini ukaanza kuungua mpaka vileleni. Harold Weaver, bwana misitu, aliandika mwaka 1943 kwamba ponderosa inahitaji moto. 1943! Ilichukua miongo mingi kabla neno lake kuwa kazi ya kawaida ya watu wenye panga na drip tochi, lile kopo la mafuta la kuwashia moto, mikononi.

Hapo nilisimama nikafikiri sana. Kumbe hata kwa wenye hela utafiti unaweza kukaa kwenye rafu mtu akazeeka. Mwaka 1998 Bunge lao likaanzisha mpango wa pesa maalum, Joint Fire Science Program, kwa ajili ya tafiti ambazo watu wanaosimamia chakula cha moto msituni watazitumia, na baadaye wakaweka mtandao wa vituo vya mikoa ambavyo kazi yake ni kuwakutanisha mtafiti na mtu wa msituni, porini kwenyewe, waangalie mti mmoja wabishane. Mimi napenda hicho kitu. Mtu analipwa mshahara kwa ajili ya kubeba jibu kutoka huku kwenda kule na kubeba swali kutoka kule kuja huku.

Na jibu lao kwa misitu mikavu ukilikamua linaingia kwenye kiganja. Agee na Skinner waliliandika 2005: punguza chakula kilicho chini, nyanyua matawi ya chini yawe mbali na ardhi, punguza msongamano wa vilele, na acha miti mikubwa ile inayohimili moto. Kwa mpangilio huo. Na kuna mahali lilionekana kwa macho. Mwaka 2011 moto wa Wallow kule Arizona ulikula hekta kama 217,000, lakini ulipofika karibu na mji mdogo wa Alpine, sehemu ambazo miti ilikuwa imepunguzwa na uchafu wa chini kuondolewa, ule moto ulishuka kutoka vileleni ukaja chini, wazima moto wakaweza kuusogelea. Nilivosoma hivo nikaziona paini za mama mkubwa. Sindano za miaka saba, matawi mpaka chini. Vyote viwili vya kwanza kwenye orodha hatukuvifanya, tulikuwa tunajua kupogolea ni kwa ajili ya mbao nzuri isiyo na vifundo, hakuna aliyesema ni kwa ajili ya moto.

Lakini hapa nataka niwe mwangalifu, manake nimeona watu wanachukua kitu cha Marekani wanakibandika kwetu kama stika. Chakula chao cha moto kinajikusanya miaka hamsini. Chetu kinaota upya kila mwaka. Wao wakisafisha msitu wanapata miaka kadhaa ya kupumua, sisi ukichoma nyasi leo mwakani zipo palepale zinakusubiri. Wanapanga chakula cha moto kwa unene na kwa muda kinaochukua kukauka au kunyonya unyevu: chembamba chini ya milimita sita wanakiita cha saa 1, mpaka sentimita 2.5 ni cha saa 10, mpaka kama 7.6 ni cha saa 100, magogo ni ya saa 1,000. Karibu pori letu lote ni la saa 1. Na hapo kuna siri moja kubwa ambayo Ladit wetu hapa, mzee aliyewinda tangu ujana wake, anaijua bila hizo namba. Nyasi saa mbili asubuhi yenye umande ukiwasha inakataa, saa nane mchana inanguruma, saa kumi na moja jioni inaanza kutulia, usiku moto unajifia wenyewe. Ni siku moja hiyohiyo. Kitu cha saa 1 kinafuata hewa kama kivuli kinavyomfuata mtu. Kwahiyo kwetu sisi kuchagua saa kuna uzito kuliko kuchagua trekta.

Ladit nilimpelekea ile hesabu ya Byram. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, alafu akavuta bua moja la nyasi akalipinda. Halikuvunjika, likalegea. Akaniambia, mwanangu, likipinda hivi unawasha jioni na unaenda kulala, likivunjika likalia, usiwashe tena mwaka huo. Nikamuuliza amejifunza wapi, akasema kwa baba yake. Sasa ukiangalia, anachopima kwa kidole ndo kile mtafiti alichokuwa anapima kwa oveni, unyevu wa nyasi. Tofauti ni kwamba kipimo cha Ladit kinakaa na mtu anayewasha, palepale, saa ileile.

Na Afrika yenyewe ina tafiti za moto za zamani kweli, hili liliniumiza roho nilipolijua. Ndola, Zambia, mwaka 1933 walitenga vipande vya msitu mkavu wa miombo: vingine wakawa wanavichoma mapema kiangazi kinapoanza, vingine mwishoni kabisa wakati kila kitu kimekauka, vingine havichomwi kamwe. Vilivyochomwa mwishoni miti ilikwisha, pakabaki nyasi na vichipukizi. Vilivyochomwa mapema msitu uliendelea kuwa msitu. Visivyochomwa vilifunga vikawa kichaka kizito. Jibu hilo lipo tangu kabla ya uhuru. Kruger, hifadhi ya wanyama ya Afrika Kusini, wana vipande vya majaribio tangu 1954 na mpaka leo vinachomwa kwa ratiba. Na hapa jirani yetu kabisa, kwenye hifadhi ya wanyama ya Murchison, watafiti Buechner na Dawkins waliandika 1961 jinsi tembo na moto walivyokuwa wanasaidiana kumaliza miti: tembo anachuna gome, moto wa kiangazi unaingia kwenye kidonda, mti unakufa, nyasi zinachukua nafasi, nyasi zikizidi moto unazidi. Murchison! Watu wa kwetu wanaona moshi wa Murchison kutoka shambani, na sijawahi kukutana na mkulima hata mmoja aliyewahi kuambiwa habari hiyo.

Sasa nirudi kwa yule mtafiti wetu. Nimemfikiria sana na nadhani hakuwa na nia mbaya, alilipwa kukusanya namba na kuandika, hakuna aliyemlipa nauli ya kurudi. Hapo ndo kidonda kilipo. Bajeti ina pesa ya oveni, ya gari, ya mifuko ya khaki, haina siku moja ya kurudi kijijini na sufuria ya posho na kusema haya ndo tuliyoyapata. Siku moja tu! Na haina siku ya kwanza kabla ya yote, ya kukaa na watu kuuliza wao wanataka kujua nini. Angeuliza 2014, kuna swali moja akina mama wangempa ambalo sijaliona kwenye chochote nilichosoma.

Nyasi za kuezekea.

Tulipoanza kusema tuchome mapema, mwaka 2020, mkutano wa kwanza ulivunjika. Mi nilikuja na hesabu zangu, nimezikariri, Novemba mwishoni tuchome mikanda kuzunguka paini na kuzunguka nyumba, jioni, dhidi ya upepo. Mama mmoja akasimama akasema, na nyumba yangu nitaezeka kwa hesabu? Manake zile nyasi ndefu ndo paa, ndo pesa pia, wanakata zikishakauka Desemba na Januari, wanafunga mafungu, wanauza barabarani. Ukichoma Novemba umemchomea pesa yake. Mfuga nyuki naye akasema moshi. Mwingine akasema miti ya yao, ile shea, inatoa maua kiangazi, moto wa Januari unachoma maua na mama zetu wanakosa mafuta, kwahiyo yeye alikuwa upande wa kuchoma mapema. Na chairman akatukumbusha kuna sheria tangu 1974 inayokataza kuchoma nyasi bila ruhusa, wengi hawakuwa wanaijua, wengine walikuwa wanaijua na ndo maana wanawasha na kukimbia. Mtu anayewasha na kukimbia hachagui saa wala hasubiri umande, anawasha penye upepo apotee haraka. Hilo nimeliona kwa macho, kumfanya mchomaji ajifiche kunafanya moto uwe mbaya zaidi. Heri ruhusa iombwe, iandikwe, watu wasimame pale na matawi na jerikani za maji.

Tulikaa mikutano mitatu. Ilikuwa mwaka wa korona, shule zimefungwa, vijana wapo nyumbani, labda ndo maana ilifanikiwa, watu walikuwa na muda. Na jibu halikutoka kwangu wala kwenye simu yangu, lilitoka kwa yule mama wa paa. Alisema, hizo njia zenu za moto si mnataka zisiwe na nyasi? Basi tupeni sisi tukate. Mkanda wa ndani, ule unaogusa paini, usichomwe, uwe wa akina mama wa nyasi peke yao, wakate mpaka chini na wabebe, usibaki hata fungu moja limelala. Mkanda wa nje ndo uchomwe mapema.

Nilikaa nikazidisha kichwani. Hesabu ya Byram ina vitu vitatu, na yeye ametoa kimoja kizima mkononi bila kuwasha kiberiti. Gramu 400 kwa mita zikipanda kwenye kichwa cha mama zikaenda barabarani kuuzwa, moto unabaki na visiki vifupi. Na ule upungufu wetu wa 2018, kufyeka na kuacha chini, umekwisha wenyewe, manake nyasi sasa ni mali ya mtu, hakuna anayeacha mali yake chini. Kama mtafiti angeiandika hiyo angeiita jina refu. Sisi tunaita mkanda wa akina mama.

Mara ya kwanza kuchoma mkanda wa nje hatukufanya vizuri. Tuliwasha mapema mno, wiki ya tatu ya Novemba, mvua ilikuwa imenyesha siku mbili kabla, moto ukala hapa ukaruka pale, madoa madoa. Vijana walivunjika moyo. Nilikuja kusoma baadaye kwamba madoa hayo si hasara, kuna wachungaji na wakulima Mali ambao wanachoma hivohivo kwa makusudi, sehemu ndogo ndogo kadiri kila sehemu inavyokauka, mpaka kiangazi kinapokolea pori limeshakatika vipande na moto mkubwa unakosa njia. Kwahiyo sasa tunarudi mara mbili au tatu. Wiki ya kwanza udongo wa juu wenye kokoto unakauka upesi, tunachoma pale. Baadaye kidogo chini karibu na kijito. Ladit anatembea mbele anapinda mabua, kijana mwenye simu anaangalia upepo, na hakuna anayewasha mpaka Ladit aseme.

Kuna watu wananiuliza kuhusu setilaiti, ile ramani ya NASA ya vidoto vyekundu, FIRMS. Ni bure na ni nzuri, nimeitumia. Lakini ujue inavyofanya kazi. Ile kamera nzuri inaona vipande vya mita 375 na inapita mchana kama saa saba na nusu na usiku saa kama hiyo, moto wa nyasi ulioanza saa nane unaweza kuwa umekwisha kabla haijarudi. Usiitegemee kukuamsha. Ilichonisaidia mimi ni kurudi nyuma, nimeangalia miaka iliyopita nikaona vidoto vya upande wetu vinarundikana kiangazi kikiwa kimekolea, nikamwonyesha chairman kwenye simu, akakaa kimya, alafu akasema basi ruhusa tuombe Oktoba tusisubiri. Hapo ramani ilikuwa imefanya kazi yake.

Paini za mama mkubwa alipanda tena 2020, eka mbili tu safari hii. Tumepogolea mpaka juu ya kichwa cha mtu, matawi yaliyokatwa yamekwenda jikoni, hakuna yaliyoachwa chini. Moto umefika kwenye mkanda wa nje mara mbili tangu hapo, mara zote mbili ulikuja chini ya goti na watu waliuzima kwa matawi, mara ya pili walikuwa watu sita tu na mmoja wao alikuwa mama mkubwa mwenyewe.

Novemba hii mkutano ni Jumapili ya kwanza baada ya ibada, chini ya yao mkubwa ulio karibu na borehole. Akina mama wameomba tupime mafungu yao kabla hayajauzwa, wanataka kujua mkanda unatoa kilo ngapi ili wagawane sawa, na mimi nataka kuzijua kilo hizohizo kwa sababu zangu. Mizani ya kuning'iniza nimeinunua sokoni Bweyale, na daftari liko kwa chairman, mtu yeyote anaweza kwenda kulisoma.